Trai ya Kwanza ya Medard, Fowadi wa Marobota

Dunia nzima inajua kwamba raga Guangzhou niliileta mimi, Mjomba Eliakimu, mlezi mkuu wa timu yetu ya Marobota na mbunifu wa suruali isiyopasuka, ambayo wengi wenu humu ukumbini mmeivaa. Ndiyo maana kamati imenipa mimi kalamu.

Leo, Jumapili tarehe 16 Novemba 2025, ndugu yetu Medard anastaafu baada ya miaka kumi na moja ya kucheza fowadi. Kwa wageni: raga yetu ni ile ya watu kumi na watatu, na fowadi ndiye anayepewa mpira ili aumie. Anauvaa ukuta wa watu, anaangushwa, anaamka, anapewa tena.

Medard alianzia Kangle, mtaa wa nguo hapa Guangzhou, kufunga marobota ya nguo za kwenda Dar. Siku mashine ya kukandamiza ilipoharibika, laoban, yaani bosi wetu, alimwomba aukalie mzigo. Mashine ilipopona, bosi akaona haina faida, akaiuza. Mimi nikasema huyu ni fowadi. Mechi yake ya kwanza alibeba wapinzani watano mgongoni hadi kituo cha metro. Wawili wakashukia uwanja wa ndege wa Baiyun. Nilikuwepo.

Shida yake ni mazoea. Kila mpinzani aliyeangushwa na Medard alikunjwa vizuri, magoti kifuani, tayari kwa kamba. Harun, nahodha wa timu ya wanafunzi, aliwahi kuinuka ana lebo ya Mwanza mgongoni.

Lakini miaka yote hiyo Medard hakuwahi kufunga trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Anarudi Bukoba, na aliomba moja tu, apate cha kumwambia mama yake. Jumapili iliyopita, dakika ya mwisho dhidi ya wanafunzi, alivuka mstari na watu sita shingoni. Ikasikika paa! Akauangukia mpira, na kwa mazoea akaukandamiza kwa magoti, akaukunja. Alipoinuka, ulikuwa bapa kama chapati.

Harun akaruka juu: “Refa, umepasukia hewani! Hiyo si trai, hiyo ni kandambili!”

Jacinta, mke wa Medard, akamjibu kutoka pembeni: “Nyamaza wewe, nitakubandika lebo nyingine!”

Refa wetu, Dada Benedicta, alisema paa aliisikia kabla Medard hajagusa chini, na mpira uliopasuka hewani hauna trai. Akatoa nafasi moja: shahidi ajitokeze kabla sherehe ya leo haijaisha. Medard aliuokota ule mpira, akaufuta matope kwa jezi yake, akaenda nao nyumbani.

Medard, asante kwa mbavu zako. Bukoba ikupokee kwa senene wa moto, magoti yako yasahau kazi, na mama akusikilize hadi mwisho.

Na Dada Benedicta, andika trai. Nilikuwa mstarini, karibu kuliko wote. Mpira uliishiwa pumzi taratibu, ukiwa chini, ndani ya magoti yake. Ile paa ilikuwa suruali yangu, nilipoinama kuona vizuri. Ilifunguka kutoka kwenye mkanda hadi gotini, na ndiyo maana mlezi mkuu alitoka uwanjani kinyumenyume, akiwapungia mkono.