Kutu ya Ukoo wa Teodori

Kijiwe chetu kiko Mazwi, mbele ya banda la Mathias fundi baiskeli, ambaye sisi tunamwita Profesa Spoku. Baridi ya Sumbawanga asubuhi haina adabu, kwa hiyo tunakunywa kahawa tukiwa tumevaa makoti huku tukitibu magonjwa ambayo hatuna. Siku hiyo tulikuwa na mgonjwa, au tuseme nusu mgonjwa. Daktari alikuwa amemweleza Teodori kwamba mwilini kuna mabaki yanayounguza chembe hai, mfano wa kutu kwenye chuma, na kwamba kuna koo zinazorithi hatari ya kisukari. Baba yake alikatwa mguu, babu yake alikufa kipofu. Saa hizo alitakiwa awe kwenye foleni ya kupimwa sukari, ila miguu ikamleta kwetu.

— Kutu? Hiyo fani yangu, akasema Spoku. Sisi Wafipa mababu walifua chuma. Matanuru yao si bado yapo huko porini? Chuma kikawaingia kwenye damu, sasa kinaoza ndani yetu.

— Kwa hiyo nifanyeje?

— Grisi, kijiko asubuhi na jioni. Na usioge. Chuma na maji haviivani.

Nilimuuliza mbona yeye Mfipa wa Milanzi hajaoza. Akasema anaendesha baiskeli kila siku, na kinachozunguka hakishiki kutu.

Kija, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, akasema wao walikunywa maziwa tu, na bibi yake mpaka leo anaswaga ndama.

— Hama ukoo, ndugu yangu. Njoo kwetu, tunakuchinjia mbuzi, unaitwa Mboje. Ugonjwa ukija kumuulizia Teodori, tunauambia hayupo.

— Mkataa kwao ni mtumwa, Spoku akaunga mkono, kana kwamba methali hiyo iko upande wao.

Tulicheka, ila Teodori hakucheka. Alikuwa anaogopa, na mimi nilimhurumia kweli. Lakini sikumwambia aende hospitali. Nilimuuliza Kija huyo mbuzi ana rangi gani.

Ndipo akatokea Jenifa, binti yake Teodori, mjamzito, tumbo limetangulia mbele. Alikuwa amemsubiri baba yake hospitali mpaka akachoka. Akatupa shikamoo sote, na Spoku akamweleza kwamba mzee amehama ukoo tangu asubuhi, sasa ni Mboje. Jenifa alisikiliza mpaka mwisho, wala hakukasirika.

— Sawa baba, wewe umehama. Lakini mimi ulinizaa ukiwa bado huku. Mimi na huyu wa tumboni tunahamia wapi?

Teodori aliinuka, akamshika binti yake mkono.

— Twende, mama. Tukapimwe wote.

Walipofika kona, Spoku alifuta mikono, akatuomba tumwangalizie banda, akawafuata.