Pigasasa na Waya wa Kijani

Ijumaa tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, fundi wetu wa laini za simu za nyumbani, daraja la pili, atarudisha stoo ngazi, mkanda wa nguzoni na begi la vifaa, baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi. Wengi humu hawalijui jina lake la kwenye kitambulisho. Sote tunamwita Pigasasa.

Mhariri wa jarida aliniomba mimi, msimamizi wake, nusu ukurasa wa kuchangamsha watu. Nilianza vizuri tu. Jumatatu nikaagiza jalada lake ili nisikosee tarehe, na tangu saa ile nimeduwaa. Nivumilieni, nitaanza na ya furaha, maana anayastahili, na hilo lingine nitalifikia.

Alianza kwa kuchimba mashimo ya nguzo, miaka mitatu, ndipo akaletwa kitengo chetu. Nyumba ikikosa mlio wa simu, yeye huanzia kwenye soketi kuu, ile ya kwanza ambako waya wa nje huingilia ndani. Hufungua kifuniko, akachomeka simu yake ya kupimia. Mlio ukisikika pale, ugonjwa uko ndani ya nyumba. Usiposikika, uko nje. Ni jambo jepesi kulisema, lakini ni wangapi kati yetu tumepanda nguzo jua la utosi, kumbe tatizo ni mguu wa kabati uliokalia waya sebuleni? Pigasasa hajawahi kupanda nguzo bure.

Jina lake lilitokana na mtindo wake wa kumaliza kazi. Mlio peke yake haumtoshi. Akishakaza skrubu na kuuvuta kila waya mara tatu, humkabidhi mwenye nyumba simu na kumwambia, "Haya, piga sasa. Mpigie unayemkumbuka." Kisha hutoka nje ili asisikilize ya watu. Kuna seremala mmoja aliyempigia dada yake, walikuwa wamenuniana miaka minne. Maongezi yalichukua saa nzima na robo. Mvua ikamkuta Pigasasa kibarazani, amevaa soksi tu kwa kuwa viatu huvua mlangoni, na begi lake liko ndani. Aligoma kuingia kulichukua. Alirudi ofisini amelowa chapachapa, akapiga chafya wiki nzima, na hakuna aliyemwonea huruma.

Halafu kuna Alhamisi zake. Kila Alhamisi mchana hupotea kwa saa moja, na hakuna aliyejua anakokwenda. Tulisema ana nyumba ndogo. Tulimtania mpaka tukachoka, yeye anacheka tu. Mimi sikuishia kwenye utani. Nilipopewa usimamizi nilimwandikia barua mbili za kumtaka ajieleze, naye akajibu zote kwa mstari mmoja: nafuatilia laini ya mteja. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu, "Majibu hayaridhishi." Maandishi yangu hayo nimeyakuta Jumatatu, na aibu yake ilikuwa ndogo kuliko ya karatasi iliyofuata.

Ni barua ya onyo kali, ya miaka kumi na tisa iliyopita. Inasema kwamba katika nyumba ya mama mmoja mshonaji, fundi alibadilisha soketi kuu na kuondoa waya wa kijani, ule unaopeleka radi ardhini. Wiki tatu baadaye radi ilipiga mtaani, ikapita kwenye laini, mama akiwa ameshika simu. Alirushwa chini, na sikio lake la kulia halijasikia tena. Barua inamalizia: fundi amekiri kosa.

Niliisoma nimesimama. Nikakaa, nikaisoma tena.

Mimi ndiye niliyeutoa waya ule. Nilikuwa na miezi mitatu kazini, bado niko kwenye majaribio, na mke wangu alikuwa amejifungua wiki hiyo hiyo. Pigasasa alikuwa juu ya nguzo. Aliniagiza nibadilishe soketi na akasema wazi waya wa kijani nisiuguse. Niliuona unaning'inia, unaharibu ukuta. Nikaufungua, nikapima, mlio upo vilevile. Nikaukata, nikaziba tundu kwa plasta, nikajisifu kwa kazi safi. Radi ilipopiga nilimuuliza kama ni mkono wangu. Aliniambia radi ya namna ile haizuiwi na waya wowote. Nilimwamini, na nakiri leo kwamba nilimwamini kwa sababu ilinifaa kumwamini.

Kwa onyo lile jina lake lilifutwa kwenye orodha ya wanaofikiriwa usimamizi. Nafasi ilipotokea, nilipewa mimi. Na kwa onyo hilo hilo, kwenye sherehe ya kuwaaga wastaafu Ijumaa asingepata cheti cha utumishi safi. Angekaa kiti cha nyuma na kumpigia makofi dereva anayestaafu naye siku hiyo, mimi nikiwa meza kuu nimevaa tai.

Jumanne nilikwenda kwa yule mama. Bado anashona. Alinitazama kidogo, akasema, "Si wewe yule kijana wa plasta? Ukuta wako mpaka leo haujapasuka, baba." Nilitamani ardhi inimeze. Akanieleza kwamba Pigasasa huja kila Alhamisi kupima laini, kisha huketi upande wake wa kushoto ili amsikie, na kumsimulia vituko vya ofisini. Wiki ile ya ajali alimwendea hospitali akamwambia kosa ni lake. Mama alimkasirikia miaka miwili. Alikuwa hamfungulii mlango, naye akipima laini kutokea nje na kuondoka. Ndipo siku moja akamfungulia.

Nikamwambia ukweli. Aliuondoa mguu kwenye cherehani. Akasema, "Yaani miaka yote hii nimemsamehe asiyehusika." Hakunifukuza. Hakunisamehe pia, wala sikumwomba, maana sikuwa na uso wa kumwomba.

Jioni nilimfuata Pigasasa stoo. Nilidhani atalia, au nitalia mimi. Badala yake alikuja juu. "Nani kakuruhusu kufungua jalada langu?" Nikamwuliza kwa nini alifanya vile. Akasema nilikuwa na mtoto ambaye hajatimiza hata mwezi, na yeye ndiye aliyeshuka kwenye nguzo akasaini kadi ya kazi bila kufungua kifuniko kuangalia. Mtu anayeuvuta kila waya mara tatu, siku ile hakuangalia. Hilo analihesabu kosa lake mpaka leo. Kisha akaniagiza: "Andika habari za soksi. Watu wacheke, twende nyumbani."

Habari za soksi nimeziandika. Jumatano asubuhi niliwasilisha kwa uongozi maelezo yangu, yenye sahihi yangu, nikiomba onyo lile liondolewe kwake na liwekwe kwenye jalada langu. Jana wamenijibu. Cheti kinachapishwa. Kuhusu mimi wataamua baada ya sherehe, na uamuzi wowote nitaupokea.

Kwa niaba ya kitengo kizima, na kwa niaba ya kila nyumba ambayo mtu aliweza kumpigia anayemkumbuka, tunakushukuru, kaka. Nenda ukapumzike na wanao na wajukuu zako, uwe na afya, ulale usingizi wa mchana bila redio ya kazini kukuita. Maagizo yako mawili nimeyavunja. La waya nililivunja kwa ujinga, na mama wa watu akapoteza sikio. Hili la kunyamaza nimelivunja kwa makusudi, hata ukininunia. Ijumaa jina lako likisomwa, usitazame nyuma kutafuta mwingine. Simama, uende mbele.