Kitambaa cha Spika

Mwaka 1972, tulipotoka Rumonge kwa gari la abiria, dereva Asmani alianza kujisifu kwa mama aliyekaa karibu naye. “Redio iliyokuja na gari niliitoa, mama. Ilikuwa inaongea kama mugonjwa! Sasa iko redio na spika zinazopatana. Sikiliza!” Akaifungua, nasi wa nyuma tukaziba masikio.

Mama aliinama, akashika kitambaa kilichofunika spika. “Mwanangu, umezitoa wapi?”

“Fundi alinifungia. Nzuri, eh?”

“Hii kanga niliikata mimi, nikaishona kwa uzi wa nyavu, ndani ya gari ya mume wangu. Askari walimuchukua pamoja na gari yake. Hajarudi.”

Asmani alizima redio. “Mama, mimi nilifungiwa tu.”

“Fundi gani? Nipeleke.”

Gari likasimama Magara, nilipopaswa kushuka. Sikushuka.