Fundi Alikuwa Agathe

Wasikilizaji wapendwa, fundi ametutoka. Fundi simu Agathe wa Isipingo amefariki Jumamosi kwa kiharusi, akiwa na miaka arobaini na tisa. Leo tunamkumbuka yeye, na sitazungumza kwa upole sana, maana yeye mwenyewe hakuwa mpole.

Alizaliwa Bukavu, kwa baba aliyekuwa akitengeneza redio. Akiwa na miaka kumi alilehemu waya uliokatika ndani ya redio ya padri. Baba akamwambia padri aliyeitengeneza ni nani. Padri akacheka, akidhani anataniwa.

Alipohamia hapa Durban alifungua duka lake mtaa wa Isipingo, karibu na kituo cha teksi. Watu waliingia, wakamwona mwanamke, tena Mkongo, macho yakaanza kutafuta viti vya saluni. "Mama, leo unasuka?" Akijibu kwamba anatengeneza simu, wanauliza, "Sasa fundi iko wapi?" Kisha wanaondoka na simu zao.

Mwenye njaa hana miiko. Agathe akatundika pazia, rido kama Wakongo wanavyosema. Yeye nyuma, mdogo wake Ezéchiel mbele. Ezéchiel ni seremala. Kazi yake ilikuwa kupokea simu, kuipitisha nyuma ya rido, kusubiri, na kuirudisha ikiwa nzima. Siku moja mteja alimuuliza simu yake ilikuwa na ugonjwa gani. Ezéchiel akajibu, "Bawaba zililegea." Simu bapa, bawaba za wapi? Lakini mteja aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Eish! Sharp, fundi!" Mwanamume akisema upuuzi, huitwa utaalamu. Nasema hivyo nami ni mwanamume.

Miaka mitatu Agathe alikaa nyuma ya rido. Miaka mitatu.

Kilichomtoa huko si mteja. Ni binti yake, Gracieuse, aliyejaza fomu ya shule: kazi ya mama, anamsaidia mjomba. Gracieuse ametuambia, "Maman alisoma. Kisha akachukua makasi." Rido ikawa vitambaa vya kupangusia skrini. Ezéchiel akashika kichwa: "Dada, tutalala njaa!"

Agathe akamjibu, "Tulale njaa na jina yangu. Minachoka kushiba na ya kwako."

Na kweli, njaa ilikuja. Wateja walichungulia wakarudi walikotoka. Ezéchiel akarudi kwenye randa na misumari yake. Agathe akabaki peke yake mezani, mbele, miwani puani, mlango wazi. Kila siku. Nilipomuuliza binti yake kama mama alilia siku zile, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

Ndipo akaja Mwalimu Kiprono, Mkenya anayefundisha kompyuta chuoni. Kompyuta yake ilikuwa imekufa kabisa. Alimtazama Agathe, akatabasamu. "Mama, nyinyi Wakongo ni watu wa nywele na muziki. Hizi computer si mtuachie sisi Wakenya?"

Agathe akamtazama kipara. "Computer imekushinda, njo maana uko hapa. Na nywele hauna. Sasa tukusaidie na nini?"

Haya anayasimulia Kiprono mwenyewe, kwa kicheko cha aibu. Aliiacha kompyuta. Siku ya tatu aliikuta inawaka, na Agathe akamwonyesha kwa lenzi mahali palipoungua na jinsi alivyounganisha upya. Msamaha hakuomba, anakiri. Ila tangu siku hiyo kila mwanafunzi wake aliyeharibikiwa na kompyuta alimwelekeza Isipingo. Wasichana wengine hawakwenda na kitu kibovu, walikwenda kujifunza. Mmoja wao, Ninahazwe kutoka Burundi, leo ana meza yake Clairwood, anatengeneza mashine za kusomea alama za mizigo ghalani.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nina jambo la kusema, na ni zito. Jumatatu nilisoma hapa tangazo la msiba huu. Karatasi aliyoleta Gracieuse iliandikwa: "Fundi simu Agathe, dada wa Ezéchiel." Nikaona imekosewa. Nikachukua kalamu, nikaisahihisha. Nikasoma hewani: "Agathe, dada wa fundi simu Ezéchiel." Wimbo haujaisha, Ezéchiel akapiga simu studio: "Mimi niko seremala! Fundi alikuwa dada yangu! Hata leo, hata amekufa?"

Hakuna aliyenituma. Mkono ulikwenda wenyewe. Naona haya, na haya hii ni yangu.

Gracieuse, Ezéchiel, jamaa wote wa Isipingo na Bukavu, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nanyi mnaonisikiliza, msiharakishe kusema mngekuwa ninyi msingefanya. Jiulizeni leo, jikoni, kazini, kanisani, mkono wenu unasahihisha jina la nani.

Ile karatasi nimeirudishia maneno yake. Naisoma kama ilivyoandikwa: Fundi simu Agathe, dada wa Ezéchiel.