Neno Lililompata Fundi Gundi

Kwenye benchi mbele ya kibanda cha kushona viatu, wanaume watatu walikuwa wakinywa kahawa na kumwaga maneno, na kahawa ndiyo pekee iliyokuwa ikipungua. Mmoja wao, mwenye kibanda, Fundi Gundi, alikuwa na sigara mdomoni na kinyongo moyoni. Jana alikwenda hospitali kumwona mjukuu wake wa kwanza. Mlangoni akamsikia binti yake akimwambia daktari, kwa Kiingereza cha puani, kwamba baba yake ni mvutaji “inveterate”. Akageuza kisogo, akarudi zake bila hata kubisha hodi. Mwanamume mzima kususa! Leo neno hilo kalileta benchini.

— Maana yake, alisema Kamusi, aliyewahi kuwa bawabu wa shule, ni kitu kilichoota mizizi hata shoka likasalimu amri. Mwongo inveterate. Mcheza kamari inveterate. Lakini husemi mvua inveterate.

— Kwa hiyo ni tusi? Fundi aliuliza.

— Cheo hicho! alidakia kinyozi, Wembe Butu. Mimi navuta tangu ujana, nani kanipa? Mtaka cha uvunguni sharti ainame!

— Methali hiyo imeingiaje hapa?

— Imekuta mlango wazi.

— Tatizo ni mizizi, Kamusi aliendelea. Ikitoka mapafuni inashuka miguuni. Mnadhani kwa nini Fundi hajawahi kuhama kibanda hiki?

— Halafu inarithiwa, alisema Wembe Butu. Huyo mjukuu ataota jino huku anaomba kiberiti.

— Mwacheni mjukuu wangu! Nimemsomesha mama yake kwa sindano hii hii, leo Kiingereza chote hicho kaja kunisengenyea mimi!

Hapo akafika bibi mmoja jirani kufuata viatu vyake, habari ya mizizi kaisikia tangu mbali.

— Hongera, babu mtu! Haya, mtoto kafanana na nani?

— Hata sijamwona, alisema Fundi, sigara ikaanguka.

— Makubwa! alisema bibi. Mizizi mnaijua hadi ncha, sura ya mtoto hamuijui?

Fundi aliikanyaga sigara. Akanawa mikono kwa sabuni, akainusa. Akanawa tena, akainusa, akakunja uso. Akaisugua kwa brashi ya viatu, akavaa shati safi, akashika njia ya hospitali, vidole vikichuruzika maji.

— Fundi! Na kahawa yako?

— Imalizeni.