Nilivyoombewa Disko

Bwana asifiwe, kanisa! Na ninyi mliokaa karibu na mlango ili muwahi kutoka, Bwana asifiwe na huko, tulieni kidogo.

Ndugu zangu, mimi ni Kabula, binti wa huyu mama aliyekaa mbele na kilemba cha njano. Nasoma chuo hapahapa Mwanza, mwaka wa kwanza, ualimu wa sayansi. Nimesimama kumshukuru Mungu aliyenivusha kwenye mitihani. Pia nimesimama kusafisha jina langu, maana kuna watu humu, na wengine wako kwaya, ambao mpaka leo wanaamini niliwahi kuwa mcheza disko. Sijawahi! Hata kwenye harusi ya binamu yangu nilikuwa jikoni nasonga ugali.

Marehemu baba yangu alianza kuniita Mwalimu tangu niko shule ya msingi. Akawafundisha na watoto wadogo wa mtaa wetu hapa Buswelu wanisalimie hivyo. Nikipita tu, wanapiga kelele, "Shikamoo mwalimu!" Na mwalimu mwenyewe hata darasa la saba hajamaliza! Baba alifariki, lakini salamu yake ikabaki. Watoto wale wakakua, wakawafundisha wadogo zao. Kwa hiyo nilipoingia chuo, mtaa mzima ulishanipa kazi, kilichobaki ni mimi kufaulu tu.

Sasa, kufaulu! Ndugu zangu, sayansi ya chuo msiione hivi. Nilikaa darasani nikiandika kila neno la Kiingereza lililotoka mdomoni mwa mhadhiri, nikaenda nyumbani nikalikariri, nikalala nalo. Testi ya kwanza ya kemia nikapata alama ambazo ukizihesabu kwa vidole, vidole vinabaki. Mhadhiri wetu akasimama mbele, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Mwaka huu mtadisko wengi."

Kwa lugha ya chuo, kudisko ni kufeli mpaka chuo kinakufukuza, unarudi nyumbani na begi lako. Shikeni hilo neno, ndilo lililoleta balaa.

Hofu ikanikamata. Nikifungua kitabu, macho yanasoma, kichwa kinakataa kupokea. Nikaanza kurudi nyumbani kwa njia ya nyuma, kule kwenye mawe, ili watoto wasinione. Mtoto akikuamkia "Shikamoo mwalimu" na wewe unajua unakaribia kufukuzwa, utaitikia nini? Niliona aibu, na nilimwonea baba huruma kana kwamba bado yupo.

Siku moja mama akaniwekea sato wa kukaanga. Mnanijua kwa sato. Nikamtazama tu. Mama akasema, "Kabula, mwanangu, una nini?"

Nikamjibu, "Mama, naona mimi nitadisko."

Mama akaganda na mwiko mkononi. "Disko?"

"Ndiyo, mama. Na wenzangu wengi wanaelekea hukohuko."

Nikaenda kujilaza, moyo umepungua uzito, nikijua mama kanielewa. Kesho yake naamka, viatu vyangu vyekundu vya kisigino havionekani. Nikauliza, nikaambiwa, "Vimepumzika." Mama yangu, ndugu zangu, hana maswali mengi. Yeye ana maombi. Kabla wiki haijaisha, Shangazi Minza akavuka na kivuko kutoka Kamanga, na mfuko wa dagaa, na sura ya msiba. Nikamwamkia, akaitikia huku ananiangalia miguu.

Jumatano nikapelekwa kwenye kikundi cha wamama waombaji, nyumbani kwa kiongozi wao, Mama Nkwimba. Mnamfahamu. Herufi R haijawahi kumfikia, lakini upako umemfikia wote. Wamama wamekaa duara, khanga kichwani, wananitazama kwa huruma. Nikajua mama ameshawaeleza habari ya mitihani. Nikabarikiwa!

Mama Nkwimba akaanza. "Binti, unataka kuachana na disko?"

"Kwa moyo wangu wote!"

"Amina! Lilikuanza wapi?"

"Chuoni, mama. Baada ya testi ya kwanza."

"Uko peke yako?"

"Hapana, tuko wengi. Mhadhiri mwenyewe alisimama mbele akatuambia mwaka huu wengi wetu lazima tudisko."

Wamama wakashika vichwa. "Mwalimu?" akasema shangazi. "Mwalimu ndiye anawaambia?"

"Ndiyo, shangazi. Tena anasema kila mwaka ndivyo ilivyo."

Shangazi akalia, "Yesu wangu, na ada tunalipa!"

Wakanizunguka. Yakapigwa maombi ambayo nadhani hata samaki ziwani waliyasikia. Mama Nkwimba akapaza sauti, "Loho chafu ya disko, toka!" Na mimi nikaitikia kuliko wote, "Toka!" Akasema, "Toka kwenye vidole vya miguu!" Nikasema amina, ingawa nilishangaa kidogo. Akasema, "Toka kwenye kiuno!"

Hapo nikafungua jicho moja. Kiuno na kemia vimekutana wapi? Natazama chini, mama yangu mzazi amenishika kifundo cha mguu wa kulia, shangazi wa kushoto, wamekaza macho.

Nikasema, "Mama Nkwimba, nisamehe. Mbona mnaniombea miguu? Ombeeni kichwa."

Akanijibu kwa ukali, "Disko linachezwa kwa kichwa?"

Ndugu zangu! Mimi ndipo nikaelewa viatu vimeenda wapi. Nikawaeleza polepole kwamba kudisko si kucheza, ni kufukuzwa chuo kwa kufeli. Mama akaniachia mguu. Shangazi Minza ndiye aliyeanza kucheka, akashika ukuta, akasema, "Nimeacha mpunga wangu kuja kumshika mtu kifundo!" Basi, chumba kizima kikaangua kicheko. Mama Nkwimba alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Na mimi nikacheka, ambaye tangu semista ianze sikuwa nimecheka. Nikacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, nikasema mbele yao wote, "Naogopa. Nitawaambia nini watu wanaoniita Mwalimu?"

Mama akanivuta mapajani kwake kama mtoto. Mama Nkwimba ndiye aliyefuta macho na kuuliza, "Sasa tuanze upya. Tunaombea nini?"

"Kemia, mama."

"Kemia ni kubwa. Sisi hatupigi maombi ya hewani. Taja kinachokusumbua."

Nikataja titresheni. Akauliza ndiyo nini. Nikamwaga maelezo ya kwenye kitabu, Kiingereza chote, bila kupumua. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapo umetusomea. Sasa tuambie."

Nikafungua mdomo, hamna kitu! Ndugu zangu, miezi yote ile nilikuwa nimemeza maneno kama vidonge, bila kujua kilichomo. Nikaanza kutafuta kwa Kiswahili, nikijikwaa. Nikasema, asidi ni kama ndimu, inachachua. Besi ni kama maji ya majivu. Unadondosha moja ndani ya nyingine, tone kwa tone, mpaka rangi inageuka, na hapo unafunga kibomba. Mama Nkwimba akauliza, "Tone likizidi?" Nikasema umeharibu, unaanza upya. Akawageukia wenzake akasema, "Wamama, tunaombea mkono wa Kabula usitetemeke." Wakaomba hivyohivyo, mkono ukashikwa, na mguu ukaachwa kwa amani.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila Jumatano lazima nieleze mada moja mpaka ieleweke, ndipo iombewe. Nisipoieleza vizuri wananirudisha nyumbani kujiandaa. Nilipowaambia kuna gesi ambazo haziungani na nyingine, mama mmoja akasema hizo zina majivuno, akaziombea toba. Mwingine aliomba, "Bwana, tunakukabidhi moli zote za binti huyu." Mimi nilicheka, lakini ili wamama waombee moli, vile vipimo vya kuhesabia chembe, ilibidi kwanza mimi nizijue.

Siku ya mtihani wa vitendo nimesimama maabara, mkono umeanza kutetemeka. Ghafla nikasikia moyoni sauti ya Mama Nkwimba, "Toka kwenye kiuno!" Nikaguna kwa kicheko. Msimamizi akanitazama, nikamwomba radhi kwa macho. Mkono ukatulia! Nikadondosha tone la mwisho, rangi ikageuka, nikafunga.

Matokeo yakatoka. Nikakimbia mpaka nyumbani nikipiga kelele, "Mama! Sijadisko! Kemia nimefaulu! Nina sapu moja tu, ya fizikia!"

Mama akanyanyua mkono. "Simama hapohapo. Kabla sijamwita shangazi yako kutoka Kamanga: sapu ndiyo nini?"

Nikamweleza kwamba ni mtihani wa marudio wa somo moja. Akapiga magoti palepale jikoni, akamshukuru Mungu. Kisha akaingia chumbani, akatoka na viatu vyangu vyekundu. "Vaa," akasema. "Lakini usicheze."

Kwa hiyo wamama, Jumatano tukutane, tunaanza fizikia. Jiandaeni kuombea msuguano.

Na wewe ndugu yangu uliyebeba hofu, mpelekee Bwana. Yeye anaijua hata kabla hujasema. Lakini sisi wenzako hatujui, kwa hiyo tutajie jina la hofu hiyo kwa lugha tunayoielewa, usije ukaombewa miguu na kinachouma ni kichwa. Mtumaini Mungu, ana njia zake, na nyingine zinachekesha.

Jioni ile ya matokeo niliacha njia ya mawe. Nilipita barabara ya mbele, na viatu vyangu vyekundu. Watoto wakaniona, wakakimbia wote, "Shikamoo mwalimu!"

Nikasimama. Nikamkumbuka baba. Nikaitikia, "Marahaba, wanangu. Marahaba."