Nani Alifika Kwanza kwenye Kibao

Benchi letu liko mbele ya mkahawa wa Solange, linatazamana na kanisa na mnara wa waliokufa vitani. Hakuna mpanda baiskeli wa vilima hivi vya Morvan ambaye hajalikalia au hajatamani kulikalia. Mimi naitwa Ramani, kwa sababu njia zote ambazo klabu yetu hupita Jumapili nazichora mimi, tena kichwani, bila karatasi. Mlima wowote wenye msitu kutoka hapa mpaka mto Yonne ukinisikia naja, unajilainisha. Leo hatukupanda baiskeli. Jumapili iliyopita tulitoka na Anselme Guyard, tukarudi bila yeye. Tulimwita Ufagio, maana miaka yote kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya wote, kumzoa aliyechoka, kumzibia pancha aliyepata pancha, na asimpite mtu. Askari walimkuta Jumatatu asubuhi, chini ya kona ya msitu wa Bois-Renard, kwenye magugu kando ya kijito, amekufa. Sasa binti yake, Clotilde, yuko njiani kutoka Lyon. Amempigia Solange simu, anataka kuonana na waliotoka na baba yake. Basi tumekaa wanne na vikombe vyetu, tupate jibu moja la kumpa kabla hajafika.

— Jibu ni majani, — alianza Breki, fundi wetu wa baiskeli, ambaye jina tulimpa kwa kejeli kwa kuwa mteremkoni hajawahi kugusa breki. — Majani ya mwaloni yakilowa ni sabuni ile. Mwambieni majani, tumalize. Majani hayana mwenyewe.

— Na breki zake? — aliuliza Mapafu, akiwashia sigara ya pili kwa moto wa ya kwanza. — Si ulizifunga wewe juzi yake?

— We! Breki nikifunga mimi zinasimamisha treni! Usinitafute, Mapafu.

— Sikutafuti. Nauliza.

— Kamuulize binamu yako na lori lake la magogo. Bois-Renard anapita kama anakimbiza mwizi.

— Jumapili? Lori gani la magogo linatembea Jumapili, bwana?

— Lile lenye magogo yasiyotakiwa kuonekana Jumatatu.

Mapafu alikohoa mpaka kikombe kikatikisika kwenye kisahani. Alikata miti maisha yake yote, na kifua chake ukikisikiliza utadhani msumeno bado unafanya kazi humo ndani.

— Haya, mimi nawaambieni, — alisema alipopata pumzi. — Nguruwe mwitu. Dume. Nimeona nyayo zake pale kijitoni, mpana kama hili benchi. Anatoka kushoto, anampiga Anselme ubavuni, anaendelea zake kulia. Hata hasimami kuomba radhi.

— Nguruwe wangu hawavuki pale, — alidakia Shemasi.

Huyu Shemasi ndiye msomaji wa masomo kanisani na ndiye mkubwa wa wawindaji wa kijiji. Kwa hiyo wanyama wote anawaita wake, hai na wafu.

— Wako tangu lini? Umewabatiza?

— Nguruwe hakimbilii barabarani ila akisukumwa na mbwa. Na upande ule hatukuwa na msako.

— Shemasi, — nilimwambia, — mimi nilisikia mbwa.

— Ulisikia mbwa wa mtu.

— Na vibao vyenu vya kuonya njiani kwamba kuna msako? Mlivisimamisha?

— Tulikuwa navyo!

— Wapi?

Shemasi alikoroga kahawa yake, ambayo haina sukari.

— Kwenye gari la wawindaji wenzangu, — alisema. — Lakini ndugu zangu, tusilaumiane. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

— Haraka gani? — Breki alimgeukia. — Mtu alikuwa wa mwisho!

— Ndiyo nasema.

— Unasema nini sasa?

— Nasema mnasahau msitu wenyewe. Mnajua vijana wangapi walipigwa risasi Bois-Renard wakati wa vita? Babu yangu alikuwa hapiti pale bila kuvua kofia. Anselme alivua kofia? Hakuvua. Alikuwa amefunga ile kofia ngumu kidevuni. Basi. Wale hawajui kofia za siku hizi.

— Kwa hiyo tumwambie binti wa watu kwamba baba yake aliuawa na mashujaa?

— Mwambieni kwa upole.

Hapo niliona kazi imenifikia. Nikawaeleza yaliyonipata mimi mwenyewe katika ile ile kona, mwaka wa theluji nyingi, nilipoteremka kwa kasi hata upepo wa bondeni ukaninyanyua pamoja na baiskeli, nikavuka kijito juu kwa juu, nikatua ng'ambo, nikaendelea kukanyaga. Upepo wa pale una tabia. Mimi uliniheshimu, Anselme haukumjua.

— Ramani, — alisema Mapafu, — njia ya Bois-Renard nani aliichagua?

— Njia ni nzuri.

— Novemba? Na ukungu ule?

— Njia ni nzuri, nimesema! Njia zangu hazijawahi kuua mtu. Klabu mbili za Autun zimeniomba niwachoree. Tena msinifikishe mbali. Kama nisingewachagulia ile njia, Breki asingepata ule mteremko wa mwisho wa kunifukuzia mpaka kwenye kibao, na hata hivyo hakunipata.

— Sikukupata? — Breki aliweka kikombe chini. — Sikukupata wewe? Gurudumu langu lilipita kwanza!

— Lako lilipita kwenye ndoto.

Nieleze hapa, asiyepanda nasi asije akapotea. Kibao ni kile chenye jina la kijiji, pale barabara inapoingia. Kila Jumapili tukikiona tunasahau umri. Anayekipita kwanza huwekewa kahawa kabla ya wengine, na mpaka aimalize hakuna anayeruhusiwa kumbishia neno. Zamani kulikuwa na ada nyingine iliyotangulia hiyo. Kwenye njia panda yenye msalaba wa jiwe, tulikuwa tunasimama wote mpaka Ufagio atokeze kwenye miti, apige filimbi yake kwamba hakuna aliyebaki, ndipo mbio zinaanza. Lakini Ufagio alikuwa hakosi kutokeza. Mtu asiyekosa, kumngoja kunachosha. Mwaka mmoja tukamngoja tukiwa juu ya baiskeli, mwaka uliofuata tukapunguza mwendo tu. Jumapili iliyopita kulikuwa na manyunyu.

— Muulizeni Shemasi, alikuwa nyuma yetu, — Breki aliendelea. — Shemasi, nani alipita kwanza?

— Mlipita sawa.

— Hakuna sawa! Jumapili ile ulisema mimi!

— Nilisema wewe kwa sababu ulikuwa umenishika kola.

— Mlianza na supu ikiwa bado ya moto, — alisema Solange, aliyekuja na birika na hakuwa ameulizwa. — Mkabishana mpaka nikawasha taa. Hicho kibao mmekibishania mchana kutwa, kama kina urithi ndani.

Tulicheka, lakini mmoja mmoja, kama watu waliosikia utani ule kwa saa tofauti. Solange alimimina, na aliporudi ndani Mapafu akazungumza kwa sauti ndogo.

— Dada yangu anafanya kazi hospitali alikopelekwa. Anasema daktari ameandika kwamba Anselme hakufa pale pale.

— Madaktari wanaandika mengi, — alisema Breki.

— Alikuwa amejivuta. Kutoka kijitoni mpaka karibu na barabara. Na ile filimbi ilikuwa imetoka mfukoni.

— Ilidondoka.

— Ilikuwa mkononi, Breki.

Gari la mkate lilipita, mwenyewe akatupungia, hakuna aliyempungia. Nilitaka kusema kitu kuhusu upepo. Shemasi akaniwahi, kwa nia njema kabisa, naapa, kwa kuwa methali kwake ni kama kikohozi kwa Mapafu.

— Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini.

Yeye mwenyewe aliinama, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

— Tuamue, — nilisema baadaye. — Majani na upepo. Majani yalimtelezesha, upepo ukamsukuma. Breki hana kosa, lori halipo, nguruwe hayupo, njia ni nzuri. Na tumwambie hakuumia.

— Kwamba alikufa pale pale, — alisema Breki.

— Pale pale. Kama taa.

— Na daktari? — aliuliza Mapafu.

— Daktari hakuwepo.

— Sisi tulikuwepo?

— Mapafu, kunywa kahawa yako.

Gari dogo la kijivu lilisimama kando ya kanisa. Akashuka mwanamke wa makamo, koti jeusi, mabega ya Anselme kabisa. Tulisimama wote wanne. Shemasi alivua kofia.

— Poleni wazee, — alisema Clotilde.

— Pole wewe, mwanangu, — nilimwambia. — Pole sana. Baba yako alikuwa ndugu yetu. Karibu. Solange, kahawa! Sasa binti yangu, kwa habari ya ile kona, sisi tuliokuwa naye tumekaa tukalitazama jambo, na barabara ile Novemba, majani ya mwaloni—

— Askari wameshanieleza habari ya kona, — alisema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeendesha gari tangu alfajiri akilirudia neno moja asije akalisahau. — Sikuja kuuliza alivyoanguka. Baba alikuwa mzee, alikuwa juu ya baiskeli, barabara ilikuwa na maji. Watu huanguka.

— Huanguka, — alisema Breki haraka. — Kweli kabisa, mama.

— Jumapili ile mama yangu ndiye aliyepiga simu hapa, giza limeshaingia. Kabla ya hapo hakuna aliyempigia yeye. Nataka kujua kitu kimoja tu, halafu niende kwake, kwa sababu ndicho anachoniuliza usiku na mchana na mimi sina cha kumwambia. — Alitutazama mmoja baada ya mwingine, Breki, Mapafu, Shemasi, kisha mimi. — Siku ile, mlipokwisha kukaa mezani, nani kati yenu alikuwa wa kwanza kuuliza, “Anselme yuko wapi?”

Breki alimtazama Mapafu. Mapafu aliitazama sigara, ilikuwa imemfika vidoleni na hakuitupa. Shemasi alifungua kinywa, nikamwomba Mungu asitoe methali, na hakutoa. Mimi Ramani, ninayejua kila njia ya kutokea katika kila msitu, nilizipitia zote kichwani.

Clotilde alivuta kiti cha Solange, akakiweka mbele ya benchi, akakaa, akasubiri.